Walenga shabaha na siri ya risasi isiyopiga teke

RISASI ya bunduki aina ya AK-47 inajulikana Afrika Mashariki kwa sifa mbaya. Ni ile yenye kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 39, iliyobuniwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1943, na ambayo maganda yake huokotwa mara kwa mara na polisi katika matukio ya ujambazi na wizi wa mifugo. Wanaoitaja huitaja kwa ukali wake, kamwe si kwa usahihi.

Hata hivyo, mjukuu wa risasi hiyo ndiye aliyetawala kwa takriban miaka 50 mchezo unaohesabiwa kuwa kipimo kikali kuliko vyote cha usahihi wa bunduki. Ni mashindano ya kulenga kutoka mezani, ambako bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga na mshindi hupatikana kwa tofauti za sehemu ndogo ya milimita. Mjukuu huyo anaitwa 6 PPC. Ni risasi fupi, nene, yenye baruti kidogo na isiyomsumbua mpigaji.

Jambo hilo huwashangaza wanaoingia katika mchezo huu kwa mara ya kwanza. Wengi hudhani kuwa risasi kubwa yenye mwendo mkali ndiyo inayokwenda mbali na sawasawa, na wakishapata kibali na fedha hununua bunduki ya nguvu kuliko wanavyohitaji. Baada ya miezi michache bega linauma, matokeo hayapandi, na mtutu umeanza kulika. Kosa lao halikuwa mkononi bali katika aina ya risasi waliyoichagua.

Ili kuelewa jambo hili ni vyema kwanza kuifungua risasi yenyewe. Ina sehemu nne. Ganda la shaba hubeba kila kitu. Fataki, kidonge kidogo kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda, hulipuka inapogongwa na pini ya bunduki. Moto wa fataki huwasha baruti. Gesi ya baruti nayo husukuma kichwa cha risasi, yaani kile kipande cha madini kinachoruka hadi kwenye shabaha. Katika mazungumzo ya kawaida neno risasi hutumika kwa kichwa peke yake na pia kwa kitu kizima; katika makala haya risasi ni kitu kizima.

Kichwa kinaposukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma. Hilo ndilo teke. Ukubwa wake hutegemea uzito wa kichwa, uzito wa baruti, mwendo wa vyote viwili na uzito wa bunduki. Baruti husahauliwa na wengi katika hesabu hii, ingawa gesi yake hutoka mtutuni kwa mwendo mkubwa kuliko hata kichwa chenyewe. Ndiyo maana risasi mbili zenye vichwa vinavyokaribiana uzito zinaweza kutofautiana sana begani, moja ikiwa na ganda dogo na nyingine ganda kubwa lililoshiba.

Kwa bunduki yenye uzito wa kilo 4, hesabu hutoa picha ifuatayo. Risasi ya .223 Remington, inayofanana sana na ile ya kijeshi ya milimita 5.56, hupiga teke la kiasi cha juli 4. Risasi ya 6.5 Creedmoor hufikia juli 15 hivi, na .308 Winchester juli 20. Risasi ya .300 Winchester Magnum, ambayo wengi huitamani kwa sababu ya jina, hufikia takriban juli 35. Ile ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa nyati na tembo nchini Tanzania wanaijua vizuri, huzidi juli 50. Mwindaji hupiga risasi moja au mbili kwa siku, tena damu ikiwa imemchemka, na huenda asilisikie teke lenyewe. Mlenga shabaha hupiga 60 au 80 kwa siku moja, na kila moja hutaka utulivu uleule wa ile ya kwanza.

Mwili wa binadamu hauzoei kupigwa, bali hujifunza kujikinga. Baada ya mateke kadhaa, macho huanza kufumba na bega kujikaza sehemu ndogo ya sekunde kabla kidole hakijamaliza kuvuta kifyatulio. Mpigaji mwenyewe hajui kama anafanya hivyo, kwa kuwa bunduki inapolia kila kitu hutikisika na kosa hufichika ndani ya kishindo.

Walimu wa mchezo huu wana njia ya zamani ya kumfichulia mwanafunzi ugonjwa huo. Wao ndio humpakilia bunduki, na katikati ya risasi halisi huchomeka moja ya bandia bila kumwambia. Pini hugonga, hakuna mlio, na mdomo wa mtutu huonekana waziwazi ukiinama kuelekea chini. Wapo waliopiga kwa miaka mingi ambao walipofanyiwa jaribio hilo walishikwa na aibu. Dawa yake ni kurudi kwenye risasi ndogo kwa majuma kadhaa, na wakati mwingine ugonjwa haupoi kabisa.

Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha jinsi wataalamu walivyoufikia ukweli huu hatua kwa hatua. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ya Marekani ilitoa risasi ya .222, iliyobuniwa na mhandisi wake Mike Walker, ambaye naye alikuwa mshiriki wa mashindano ya mezani. Haikuwa ndugu wa risasi yoyote iliyotangulia. Walker aliichora upya kuanzia kitako hadi shingo. Ilibeba kichwa cha kama gramu 3.2 kwa mwendo unaokaribia mita 960 kwa sekunde, na kwa kufanya hivyo ilitumia baruti isiyofika gramu 2. Teke lake lilikuwa dogo kiasi kwamba mpigaji aliweza kuiona shabaha kupitia darubini ya bunduki karibu muda wote wa mlipuko. Ndani ya miaka michache ilikuwa imetanda kwenye meza za mashindano, na ilikaa hapo kwa zaidi ya miongo miwili.

Iliyoiondoa ilitokana na ushirikiano wa watu wawili wa fani tofauti kabisa. Louis Palmisano alikuwa daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu. Ferris Pindell alikuwa fundi wa vyuma. Katikati ya miaka ya 1970 walichukua ganda la risasi ya Kirusi iitwayo .220 Russian, ambayo Warusi waliitengeneza kutokana na ganda la AK-47 kwa ajili ya uwindaji na mchezo wa kulenga shabaha inayokimbia. Waliunyoosha mwili wa ganda hilo, wakaongeza mwinamo wa bega hadi nyuzi 30, na kuweka kichwa cha milimita 6. Herufi PPC ni kifupi cha majina yao pamoja na neno la Kiingereza lenye maana ya risasi.

Mambo mawili katika kazi yao yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni umbo. Baruti iliyokaa katika chungu kifupi na kinene hushika moto kwa namna inayofanana zaidi kutoka risasi moja hadi nyingine kuliko ile iliyopangwa katika bomba refu. Hoja hiyo imebishaniwa kwa miaka mingi, lakini meza za ushindi hazikubishana nayo. La pili ni fataki ndogo na tundu jembamba la kupitisha moto, la kipenyo cha milimita 1.5 badala ya 2 za kawaida. Moto mdogo unaolingana kila mara huanzisha mlipuko kwa utaratibu kuliko moto mkubwa unaobadilikabadilika. Leo mshindani mzuri wa mezani anayetumia 6 PPC hutegemea kupata wastani wa makundi ya risasi tano yenye upana usiozidi milimita 6 katika umbali wa yadi 100, sawa na mita 91.

Hapa lazima isemwe kuwa utulivu una mpaka wake, na mpaka huo ni upepo. Katika mita 100 au 200 kichwa chepesi hufika kabla upepo haujapata muda wa kukiyumbisha. Katika mita 600 hadithi ni nyingine. Kichwa kifupi hupoteza mwendo haraka, na kadiri kinavyochelewa ndivyo upepo unavyokisukuma kando. Ikiwa kitafika katika umbali ambao mwendo wake unashuka chini ya mwendo wa sauti, huanza kutikisika na usahihi huporomoka.

Jibu la kwanza la watu lilikuwa kuongeza nguvu. Jibu lililodumu zaidi lilitoka Skandinavia, miaka mingi kabla ya swali lenyewe kuulizwa kwa ufasaha. Tume ya pamoja ya Sweden na Norway ilikamilisha risasi ya kijeshi ya 6.5×55, iliyopokelewa rasmi mwaka 1894. Kichwa chake kilikuwa chembamba na kirefu. Kichwa cha namna hiyo hukata hewa vyema na kuulinda mwendo wake, hivyo hakihitaji kuanza na mwendo wa kutisha. Wanajeshi walipokwisha kuiweka kando, raia wa nchi hizo mbili waliendelea kuitumia viwanjani na katika uwindaji wa kongoni wa Ulaya ya Kaskazini, na wanaitumia hadi leo.

Fikra hiyohiyo ilirudi Marekani mwaka 2007 kwa jina la 6.5 Creedmoor. Kampuni ya Hornady iliitengeneza kupitia kwa mtaalamu wake Dave Emary, akishauriana na bingwa wa mashindano Dennis DeMille. Jina lilichukuliwa kutoka uwanja wa kale wa kulenga shabaha wa Creedmoor, katika Long Island, New York, ulioanza kutumika miaka ya 1870. Waliokuwa na malalamiko walisema kuwa haikufanya lolote ambalo risasi ya Kiswidi haikulifanya tangu karne ya 19, na hawakukosea sana. Tofauti ni kwamba ganda lake fupi liliingia katika bunduki za kisasa zilizokwisha kutengenezwa kwa ajili ya .308, kichwa kirefu kikapata nafasi yake bila kuzama ndani ya baruti, na kiwanda kikauza risasi nzuri kwa bei ya kawaida tangu siku ya kwanza. Ikilinganishwa na .308 yenye kichwa cha kawaida cha mashindano, hupiga teke dogo kwa takriban robo, na upepo uleule huiyumbisha pungufu kwa karibu theluthi moja katika mita 550. Ni nadra kupata faida mbili kwa pamoja namna hiyo.

Je, .308 imekwisha? La. Ilitoka mwaka 1952, na ndugu yake wa kijeshi alipokelewa na nchi za NATO miaka miwili baadaye. Kwenye viwanja vya Bisley nchini Uingereza, ambako Chama cha Taifa cha Bunduki cha nchi hiyo kimefanya mashindano yake makubwa tangu mwaka 1890, kanuni za daraja maarufu la bunduki ya shabaha huruhusu .308 na .223 tu, na vichwa vya .308 huwa vya takriban gramu 10. Mtindo huo ulisafiri pamoja na Jumuiya ya Madola, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizowahi kupeleka walenga shabaha katika Michezo ya Jumuiya hiyo. Mchezo wa kulenga shabaha haukuwamo Birmingham mwaka 2022. Mtu anayekusudia kushiriki katika daraja kama hilo hana sababu ya kusoma sifa za 6.5, kanuni imekwisha kumchagulia.

Jambo jingine ambalo muuzaji halitaji ni uhai wa mtutu. Sehemu ya mtutu iliyo mbele tu ya chemba, inayoitwa koo, hupokea gesi ya moto mkali kila risasi inapopigwa. Baruti nyingi ikipita katika tundu jembamba, chuma hupasuka nyufa ndogondogo na kulika, na usahihi hufa hata kama nje bunduki inang'aa. Mtutu wa .308 au .223 ukitunzwa unaweza kuvumilia risasi 5,000 na kuendelea kufaa kwa mashindano. Ule wa 6.5 Creedmoor huhesabiwa kati ya 2,500 na 3,000. Risasi kubwa za magnum huchosha mtutu mapema zaidi ya hapo. Hata 6 PPC, kwa upole wake wote begani, hubadilishiwa mtutu mapema na washindani wa juu, kwa kuwa wao huijaza karibu na ukomo na hawavumilii hata dalili ya kwanza ya uchovu.

Sharti pia kuangalia mifuo ya mzunguko iliyomo ndani ya mtutu, ambayo hukizungusha kichwa ili kisipinduke angani. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa haraka zaidi. Bunduki nyingi za .222 zina mfuo unaozunguka mara moja katika inchi 14, kasi inayofaa vichwa vifupi tu. Mtu akiweka humo kichwa kirefu cha mashindano, hupiga shabaha ubavu na kuacha tundu lenye umbo la tundu la ufunguo. Bunduki ya .223 yenye mzunguko mmoja katika inchi 8 hukubali vichwa vya kuanzia gramu 3.5 hadi zaidi ya 5. Kwa sababu hiyo moja, na kwa sababu maganda yake yanapatikana kila panapouzwa risasi, mnunuzi wa leo hufaidika zaidi na .223 kuliko na .222, ingawa wazee wa mchezo hawatapenda kusikia hivyo.

Suala la maganda linaingiza upande wa pili wa mchezo huu, yaani kujaza risasi kwa mkono. Ganda la shaba halifi kwa mlipuko mmoja. Linapopigwa hutanuka na kubana kuta za chemba, kisha hunywea kidogo na kutoka likiwa limechukua umbo la bunduki ileile. Mpigaji hulisafisha, huondoa fataki iliyoungua, hulipitisha katika kalibu ya chuma ili shingo yake iweze tena kukamata kichwa, hupachika fataki mpya, hupima baruti na kushindilia kichwa kwa mashine ya mkono. Kazi hiyo hufanyika juu ya meza ya kawaida.

Uchumi ni sababu mojawapo, ila sababu kubwa ni ulinganifu. Risasi ya kiwandani hutengenezwa iingie katika kila bunduki ya aina yake duniani, na kwa hiyo haimkai barabara yeyote. Anayejaza mwenyewe hutumia maganda yaliyokwisha kujiumba katika chemba yake, huchagua urefu ambao kichwa kitachomoza, na hupima baruti hadi sehemu ya mia ya gramu. Manufaa hayo huonekana zaidi kwa mbali. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde baina ya risasi mbili za 6.5 huleta tofauti ya juu na chini ya sentimita 2 hivi katika mita 300, lakini katika mita 900 tofauti hiyo huwa kiasi cha sentimita 20. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mabingwa wa mezani, walio wakali kuliko wote, mara nyingi hawapimi baruti kwa mizani. Huikinga kwa kifaa cha ujazo, uwanjani, katikati ya mizunguko, kwa sababu katika mita 100 au 200 tofauti hizo ndogo hazionekani.

Risasi tulivu humlipa mjazaji kwa namna nyingine pia. Ganda ambalo halikusukumwa hadi ukomo wa shinikizo huweza kujazwa tena na tena kabla shingo haijapasuka au tundu la fataki kulegea. Ganda la magnum lililopigwa kwa nguvu zote huchakaa upesi.

Hapo ndipo wengi hupata wazo linaloonekana la busara: kununua bunduki kubwa na kuijazia baruti kidogo ili itulie. Wazo hilo linaweza kuua. Baruti ya polepole iliyotiwa kidogo ndani ya ganda kubwa hulala chini ikiacha nafasi tupu, nayo huwaka kwa namna isiyotabirika. Zimeripotiwa ajali ambazo shinikizo lilipanda ghafla badala ya kushuka. Pia kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji asipogundua na kupiga kinachofuata, mtutu hupasuka. Vitabu vya watengenezaji wa baruti vina vipimo maalumu vya risasi zilizopunguzwa nguvu, kwa aina maalumu za baruti, na nje ya vipimo hivyo hakuna ruhusa ya kubuni. Utulivu wa kweli hutafutwa kwa kuchagua ganda dogo lililojaa inavyostahili.

Hatari ya kuzidisha inaeleweka kwa urahisi zaidi. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la baa 2 hivi. Ndani ya chemba ya .222 ukomo uliowekwa na tume ya kimataifa inayosimamia vipimo vya silaha ni baa 3,700, na kwa 6.5 Creedmoor ni 4,350. Mlipuko huo hufanyika sentimita chache kutoka kwenye jicho la mpigaji. Ndiyo sababu wajazaji makini huanza na kipimo cha chini kilichochapishwa na kupanda kidogokidogo, na wakibadilisha hata kitu kimoja, iwe fataki, kichwa au aina ya ganda, hurudi chini na kuanza upya. Juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti. Aina nyingi za baruti hufanana kwa macho, na ile ya bastola, inayowaka haraka, ikiingia katika ganda la bunduki ndefu huweza kuivunja vipande.

Wanaomiliki bunduki zaidi ya moja wana mtego mwingine. Risasi ya .300 Blackout imetokana na ganda la .223, na inaweza kuingia katika chemba ya .223. Ikipigwa humo, kichwa cha milimita 7.8 hulazimishwa kupita katika mtutu wa milimita 5.7. Bunduki kadhaa zimeharibiwa kwa njia hiyo, na ndiyo sababu wengi hutia alama za rangi kwenye maboksi na hawazichanganyi risasi hizo mbili katika mfuko mmoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sheria hutangulia yote haya. Nchini Tanzania umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kibali cha kumiliki bunduki hakimpi mtu haki ya kutengeneza risasi. Anayevutiwa na kazi ya kujaza kwa mkono anapaswa kuanzia kwa msajili wa silaha, kabla hajaagiza hata kalibu moja kutoka nje.

Anayeanza hana haja ya kugusa lolote kati ya hayo katika mwaka wa kwanza. Bunduki ya .22 Long Rifle, risasi iliyotoka mwaka 1887 na ambayo bado hutumika katika mashindano ya mita 50 ya Olimpiki, haina teke la kusemwa na humfunza mtu pumzi, kidole na jicho. Ganda lake halijazwi tena, kwa hiyo humwepusha pia na vishawishi vya mezani. Akikomaa, .223 yenye mtutu mzito na mifuo ya haraka humtosha hadi mita 300, na kwa mwenye mkono mzuri hadi 600. Ikiwa uwanja wake ni wa mita 800 au 900, 6.5 Creedmoor ndiyo njia fupi. Risasi ya 6 PPC iachwe kwa aliyekwisha kuamua kuwa meza ndiyo makazi yake, kwa sababu ya kiwandani ni nadra na yeye mwenyewe atalazimika kutengeneza maganda.

Na akishachagua, asikimbilie kuisifu bunduki kwa kundi moja la risasi tatu. Tatu huweza kukaa pamoja kwa bahati. Wanaojua hupiga tano, huacha mtutu upoe, hupiga tano nyingine, na hufanya hivyo mara nne au tano. Upana hupimwa kutoka ukingo wa nje wa tundu la mbali hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi upande wa pili, kisha kipenyo cha kichwa hutolewa, na wastani wa makundi yote huandikwa daftarini pamoja na tarehe, upepo na idadi ya risasi zilizokwisha kupita mtutuni. Kundi lililoharibika nalo huandikwa.